Wekundu wa Sabaki unatoka wapi

Upepo wa kaskazi ukishaingia, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Mgeni aliyelipia bahari ya buluu hufika ufuoni asubuhi akakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, na siku nyingine mekundu kabisa, kana kwamba kuna mtu anaosha matofali huko juu. Sisi tuliozaliwa hapa hatushtuki. Tunasema mto umekuja mjini, basi, kila mtu anaendelea na lake.

Mlango wa mto wenyewe, Sabaki, uko kilomita chache tu kaskazini mwa mji. Miezi ya kusi, mkondo wa bahari hulisukuma tope upande wa Mambrui, na watu wa Mambrui ndio wanaolioga. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi, zamu inakuwa yetu. Ubaya wake ni kwamba mvua za vuli hukolea mwezi wa Novemba, karibu na wakati uleule upepo unapogeuka. Mto unajaa na njia ya kuja kwetu inafunguka kwa pamoja.

Nikiwa mtoto nilimuuliza mjomba wangu, mvuvi: "Mjomba, udongo huu watoka wapi?"

"Bara," alinijibu, wala hakuinua macho kwenye wavu aliokuwa akiuziba.

Bara, kwa mtu wa pwani wa rika lake, ni kila kitu kuanzia Mariakani hadi mwisho wa dunia. Shuleni nako tulikariri kama wimbo: Athi, Galana, Sabaki. Mto mmoja, majina matatu, kama kilomita 390, wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Tukapata alama zetu. Kwa nini ni mwekundu hakuna aliyetuambia, na nadhani hakuna aliyeuliza.

Swali lile limenichukua miaka na safari nne, na msinifanye shujaa: sikuufuata mto kwa miguu. Nilipanda mabasi, matatu, bodaboda, na mara moja lori la vitunguu ambalo dereva wake alinihadithia maisha yake yote kati ya Emali na Kibwezi. Vipande vingine vya mto sijawahi kuvitia machoni. Nitasimulia kuanzia juu, ingawa mimi mwenyewe nilianzia chini.

Mto huu hauna mwanzo mmoja. Ukifuata ramani utaambiwa Athi unaanzia vilima vya Ngong, ukiitwa Mbagathi kwanza, na kwamba ndio unaochora mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Lakini kuna mkono wa pili, Mto Nairobi, unaotoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Nilichagua kwenda Ondiri kwa sababu moja tu: nilisikia ardhi yake inatikisika.

Ni kweli inatikisika. Ondiri ni zulia nene la majani na mizizi lililolala juu ya maji. Kijana aliyenipeleka aliruka mara mbili mahali alipokuwa amesimama, na matete yaliyokuwa hatua kumi mbele yetu yakayumba kama yamepokea salamu. Mimi, mtoto wa bahari, niliogopa kuliko ninavyoogopa mashua wakati wa dhoruba, maana mashua unajua mwisho wake uko wapi. Pembeni palikuwa na mashamba ya mboga, na mipira ya pampu ilikuwa imetumbukizwa majini kama mirija. Nilichota maji kwa kiganja. Yalikuwa meupe, baridi, na mistari ya mkono wangu niliiona yote.

Wamaasai waliyaita maji ya huku Enkare Nairobi, maji baridi. Mji ulichukua jina, maji ukayaacha yajitegemee. Sitakaa sana Nairobi, maana hadithi hiyo kila mtu anaijua na wengi wamechoka kuisikia: mto unaingia mjini, unakusanya mito ya Mathare na Ngong, unapita jirani na dampo la Dandora, na unapotokea upande wa pili hakuna anayeuchota kwa kiganja. Nilikutana nao tena Fourteen Falls, chini ya Mlima Kilimambogo. Hapo mikono ile miwili imeshaungana na mto unaitwa Athi. Kwenye picha, maporomoko yale yanapendeza. Ukisogea karibu unaona mifuko ya plastiki imening'inia kwenye matawi kwa urefu ambao mafuriko yalifika, na povu linaloelea chini si la nguvu ya maji peke yake.

Mzee mmoja alikuwa akivua kambare pale. Aliponiuliza natoka wapi, nilimwambia Malindi, mto huu unakoishia. Alinitazama kwa huruma. "Huu?" akasema. "Huu unaenda Ukambani."

Nilikuja kusikia maneno ya namna hiyo kila niliposimama. Kila mtu anaujua mto wake mpaka kona inayofuata.

Na pale Fourteen Falls maji hayakuwa mekundu. Yalikuwa ya kijivu, yenye harufu. Uchafu wa Nairobi una mwenyewe, ila wekundu ninaoutafuta unaanza kuingia chini ya hapo, kutoka vilima vya Machakos na Makueni. Kule mvua ni chache na inaponyesha haina adabu. Inakuja kwa saa mbili kama inayodai deni, na ardhi iliyokauka miezi mitano haiwezi kuinywa yote. Vijito vinavyoshuka kwenda Athi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, mweupe na mpana kama barabara. Halafu siku moja vinateremka vyote, na juu ya mchanga ule yanapita maji mazito kama uji wa wimbi.

Hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote: kumbukumbu ya udongo wa Machakos imetunzwa baharini kwetu. Tumbawe kubwa hukua tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka, kama pete za mti. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300, wakapima kiasi cha bariamu ndani ya kila tabaka. Bariamu ni madini yanayoshikamana na chembe za udongo mtoni, kisha yanaachia yakikutana na chumvi, na tumbawe linayameza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yanaonyesha tabaka za karne ya 18 na ya 19 zikiwa na bariamu kidogo. Kisha, kuanzia karibu 1900, inaanza kupanda, na haijarudi ilikokuwa.

Kwa maneno mengine, mto haukuzaliwa mwekundu hivi.

Kilichotokea miaka ile si siri. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Nyuma yake wakaja walowezi, na malisho mazuri yakawekewa mipaka ambayo Mkamba na ng'ombe wake hawakuruhusiwa kuivuka. Watu na mifugo wakasongamana kwenye vilima vilivyobaki. Kilima kilichokuwa kikipumzishwa kikawa hakipumziki tena, miti ikaisha, majani yakaisha, makorongo yakafunguka. Kufikia miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa inapiga kelele kuhusu ardhi ya Machakos inayotoweka, na mkosaji ikampata: ng'ombe. Wapunguzwe kwa nguvu. Ukiniuliza mimi, kumfinya mtu kwenye kona kisha kumlaumu kwa kuikanyaga kona ni ufundi wa pekee. Tena ikasadifu kwamba kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa wakati huohuo mji wa Athi River, na kiwanda kinataka ng'ombe.

Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga, wakapiga kambi huko majuma kadhaa. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, lakini Muindi ilimkamata na kumpeleka kifungoni Lamu. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Udongo wa Machakos ulikuwa unaletwa pwani na maji, na mtu aliyeutetea akaletwa pwani na askari.

Lakini Ukambani si kilio tu. Nilitegemea kuona vilima vilivyokwanguliwa, nikakuta vilima vilivyochanwa kama nywele za bibi harusi, mistari ya matuta kutoka chini mpaka juu. Wanayaita fanya juu, na jina hilo sasa limo kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima likiwa Kiswahili vilevile. Unachimba mtaro kukingama mteremko, lakini udongo unautupa upande wa juu, si wa chini. Unapanda majani juu ya tuta. Mvua ikija, udongo unaotaka kukimbia unazuiwa na tuta, mwaka hadi mwaka, mpaka mteremko unakuwa ngazi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na sehemu kubwa imefanywa na vikundi vya mwethya, wanawake wengi ndani yake, leo shamba la huyu na kesho la yule. Kama Malindi tungekuwa na akili ya shukrani, kungekuwa na sanamu ya jembe ufuoni.

Kwenye kijito kimoja kikavu nilimkuta mama akichota maji kutoka shimo la mchangani. Shimo lilikuwa na kina cha kama kifua chake, na ndani kulikuwa na maji safi yanayojikusanya polepole. Alichota kwa kibuyu, akasubiri, akachota tena.

"Mama, mchanga huu haukauki?"

"Unakauka juu," alisema. "Ndani unaficha. Lakini wakija wa malori, wakiuchukua, basi. Mwamba hauna maji, kijana."

Wa malori ni wale wanaopakia mchanga kwenda kujenga Nairobi. Ndiyo maana sehemu nyingine za Ukambani watu wanajenga kuta za zege kukata vijito, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche humo, jua lisiyaone. Nilikariri lile neno la yule mama, *ndani unaficha*, na baadaye nitaeleza kwa nini. Kidogo chini ya hapo, Mto Thwake unapoingia Athi, kuna bwawa kubwa ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Litajaa maji, na bila shaka litajaa na udongo pia. Nani atakuwa ameupata na nani ameukosa tutajua kwa rangi ya bahari.

Kwenye daraja la barabara ya Kibwezi kwenda Kitui nilishuka nikasimama nusu siku. Upande wa pili wa mto kuna ukuta mrefu wa nchi, bapa juu kama umekatwa kwa msumeno. Ni Yatta. Unafuatana na mto kwa karibu kilomita 300, na asili yake ni kinyume kabisa cha unavyoonekana. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, ujiuji wa volkeno ulimiminika ndani ya bonde la mto wa kale, ukalijaza, ukapoa ukawa jiwe gumu. Kisha mvua zikala nchi laini iliyokuwa pande zote mbili, mwaka baada ya mwaka, hadi yaliyokuwa mabonde yakabaki juu na yaliyokuwa vilima yakaisha. Ule mlima mrefu ni sakafu ya mto uliokufa. Athi leo unapita kwenye miguu yake. Nilipolielewa hilo hasira yangu kuhusu udongo ilipungua makali: mmomonyoko si uvumbuzi wa karne ya 20, ni mwendo wake tu uliobadilika.

Baada ya hapo mto unaingia Tsavo, na unapata msaada. Tsavo ni mto mdogo unaotoka pande za Kilimanjaro, na dunia inaujua kwa simba waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Mimi naukumbuka kwa chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha vilima vya Chyulu haitiririki. Jivu la volkeno linaimeza papo hapo, inasafiri chini kwa chini, na inachomoza Mzima ikiwa imechujwa mpaka viboko unawaona wakitembea chini ya maji kama walio hewani. Sehemu ya maji yale inaingia kwenye bomba na kwenda Mombasa. Yanayobaki yanaungana na Tsavo, na Tsavo unaungana na Athi, na hapo jina linabadilika.

Galana, katika lugha za jamii ya Kioromo, ni neno la maji makubwa. Ukiwa umetoka kwenye vichaka vile vya kijivu vya Tsavo Mashariki, kisha ukauona mto mpana na safu ya mikoma kando yake, utaona kwamba hakuna neno jingine lingefaa. Ndovu wa huku ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka, na wanapovuka mto wanatoka wakiwa wa rangi nyingine. Lakini maji hayamshibishi ndovu. Katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu yao walikufa Tsavo, wengi wao majike na watoto, na si kwa kiu: walibaki karibu na mto mpaka wakamaliza kila jani lililokuwa umbali wa kutembea na kurudi kunywa. Walikufa kwa njaa maji yakiwa mbele yao.

Lugard Falls ni mahali mto unapobanwa. Si maporomoko hasa. Ni mwamba wenye mistari myeupe na myeusi, uliochimbwa na maji mpaka ukawa na vyungu na mifereji, na Galana wote unajipenyeza kwenye ufa mmoja. Jina ni la Frederick Lugard, aliyepita njia ya mto huu mwaka 1890 akiwa kazini kwa kampuni ya Waingereza. Waata, waliowinda ndovu hapa kwa pinde ndefu muda mrefu kabla yake, hawakuachiwa hata jiwe.

Chini zaidi mto unaingia kaunti ya Kilifi, unaitwa Sabaki, na mimi najihisi nimefika nyumbani. Hapa pia ndipo ulipofanywa mpaka. Mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama waondoke ng'ambo ya kaskazini, iliyokuwa na mashamba mazuri. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawaapisha watu wasitii. Mwaka 1913 walikuwa wamemkamata na kumpeleka Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Naomba mliangalie jambo hili kwa makini: mpinzani wa pwani akafungwa bara, mpinzani wa bara akafungwa pwani, na wote wawili chanzo kilikuwa ardhi ya mto mmoja. Sijui kama tumewahi kufundishwa habari zao siku moja. Mimi sikufundishwa.

Sasa lile neno la mama wa shimoni. Baricho, kabla mto haujafika baharini, kuna visima virefu vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya Sabaki. Maji ya mtoni penyewe ni mazito mno, yangeziba mitambo. Kwa hiyo yanaachwa yapenye mchangani, mchanga unayachuja, na pampu zinayavuta yakiwa safi kwenda Malindi, Kilifi, na Mombasa. Ni ileile akili ya kibuyu, imefungwa mota. Mchanga unaotuharibia bahari ndio unaotusafishia maji ya kunywa, na mchanga wenyewe ulitoka kule anakochota yeye.

Si huo tu. Ghuba ya Ungwana, kaskazini yetu, ndiyo shamba kubwa la kamba nchini, na kamba wanapenda tope. Sabaki na Tana ndiyo inayowapelekea. Udongo wa Wakamba unawanenepesha kamba. Mzaha huu nimeusimulia Machakos na Malindi, na Machakos walicheka zaidi. Kwa upande mwingine, matumbawe hayapendi tope hata kidogo, na Malindi ndipo penye hifadhi ya bahari ya kwanza ya Kenya, iliyoanzishwa 1968. Ufuo nao umenenepa: hoteli zilizojengwa zikitazama maji zimejikuta zinatazama mchanga, na mgeni hutembea mpaka achoke kabla hajalowa kifundo.

Mlangoni penyewe napapenda wakati wa kusi, maji yakiwa yamekupwa. Mafungu ya mchanga yanatokeza mgongo, viboko wanalala kwenye maji ya nusu chumvi, heroe wakiwepo wanasimama kwa mguu mmoja. Miezi hiyo huja ndege wadogo wa rangi ya kahawia kutoka Madagaska, maelfu, wanakaa kimya kwenye mchanga hata huwaoni, mpaka mwewe apite na ufuo wote unyanyuke. Bahari ikijaa inaingia mtoni, na kwa nusu saa hivi mto husimama, mwekundu upande huu na kijani upande ule, na mstari wa povu katikati.

Mjomba siku hizi haendi baharini. Anakaa chini ya mkungu na wazee wenzake, akisikiliza nani kapata nini. Niliporudi kutoka Kikuyu nilikwenda kumwamkia.

"Kwa hivyo umefika mwanzo wake?" akauliza.

"Nimefika, mjomba. Ni majani tu, yanatikisika ukiyakanyaga."

"Na maji?"

"Meupe. Ukichota waona mistari ya kiganja."

Alinyamaza kidogo, akatazama upande wa Mambrui, ambako siku ile bahari ilikuwa nyekundu mpaka upeo.

"Basi ulipotea njia," akasema. "Huo ni mto mwingine."